Babu Mmoja, Laini Kumi na Nne

Mume wangu Thach anajiita mkulima, na jembe hajawahi kulishika. Shamba lake liko chumba cha nyuma, juu ya rafu niliyonunua mimi kwa ajili ya vyungu vyangu: simu kuukuu kumi na nne, kila moja na laini yake na waya wake, zimepangwa kama maiti hospitalini. Wenzake wa kazi hiyo wote husema wanalima. Baba mkwe wangu, Mzee Sau, aliyelima mpunga kwelikweli kule Phung Hiep miaka arobaini, aliposikia neno hilo mara ya kwanza aliomba aonyeshwe hilo shamba. Thach akampeleka kwenye rafu. Mzee akapapasa simu moja, akasema ina joto, akauliza kama huwa wanazimwagilia.

Mimi nauza wali wa chenga na nyama ya kuchoma mbele ya nyumba, hapahapa mjini Can Tho, na wateja wangu huniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nawaambia anafuga simu. Wanacheka, nami nacheka, lakini kueleza naweza, maana nimeishi na hiyo kazi miaka mitatu mezani na kitandani.

Iko hivi. Kuna masoko ya mtandaoni ya kuuza na kununua sarafu zisizoshikika. Sarafu mpya ikizaliwa, soko linagawia wateja wake kidogo bure ili waionje. Sheria ni mtu mmoja, akaunti moja. Mume wangu akaona mtu mmoja ni wachache mno. Akakusanya vitambulisho vya ukoo mzima, akafungua akaunti kumi na nne. Sasa, akaunti kumi na nne zikitoka kwenye mtandao wa nyumba moja, soko linajua papo hapo kwamba huyu ni mjanja mmoja. Ndiyo maana ya zile laini. Kila akaunti inapita kwenye laini yake ya simu, wenyewe wanaiita proksi, na nyingine zimesajiliwa huko Ca Mau, nyingine Vinh Long, nyingine sijui wapi. Kule sokoni wanaona watu kumi na wanne wa miji kumi na minne. Hawamwoni Thach na kaptula yake iliyopasuka.

Alikuwa makini jamani, sitamnyima sifa yake. Shangazi Bay, mdogo wake Mzee Sau, alipewa laini ya Soc Trang, na akaunti yake haikufunguliwa kabla ya saa mbili asubuhi kwa sababu, alivyosema Thach, Shangazi si mtu wa kuamka mapema. Shemeji yangu mlevi, akaunti yake haikufanya chochote Jumatatu. Mume wangu hakumbuki siku yangu ya kuzaliwa, ila tabia za watu kumi na wanne mtandaoni anazo kichwani.

Mwezi wa tatu ikatangazwa sarafu ambayo kila mkulima aliisubiri. Mgao wake ulitegemea mtu ameweka kiasi gani, na akaunti iliyoruhusiwa kuweka kingi ilikuwa moja tu, ile ya zamani kuliko zote, ya jina la Mzee Sau. Thach akaja jikoni akanikuta nakatakata nyama. Akazunguka, akasifu harufu, akanisaidia kumenya vitunguu saumu, na mwanamume huyu hajamenya kitu tangu harusi. Nikamwambia aseme anachotaka kabla hajajikata.

Alitaka pesa zangu za chumba. Nilikuwa nimeweka miaka sita ili nikodi chumba cha kona sokoni An Nghiep, chenye bomba na kivuli, nisiwe napigwa na mvua nikiwa na sahani mkononi. Mwenye chumba alikuwa amenipa hadi mwisho wa mwezi. Thach akasema siku kumi tu, zitarudi na mdogo wao. Nilikubali mwenyewe, sitamsingizia. Nilishaanza kuwaza meza nane badala ya sita.

Siku ya nane akaunti zote kumi na nne zikafungwa.

Thach akakaa chini sakafuni mbele ya rafu yake. Alikagua laini moja moja, akasema haiwezekani, hakuna zilizogusana, hakuna iliyovuja. Aliwapigia wakulima wenzake wanne, nao wakamwambia haiwezekani. Kisha ikaja barua kutoka kwa lile soko la mtandaoni. Akanisomea, na alipofika katikati akaanza kurudia mstari uleule, ikabidi nimnyang'anye simu nimalizie mwenyewe. Barua ilisema, kwa adabu kabisa, kwamba wateja hawa kumi na wanne wanaishi miji tofauti na hawafahamiani, lakini katika picha zao za uthibitisho, nyuma ya kila mmoja, yuko marehemu yuleyule.

Alikuwa Babu. Babu yake Thach, kwenye altare ya mababu sebuleni, katika fremu yake, sikio moja limekunjika na uso wa mtu aliyeuziwa samaki waliochina. Thach alipowapiga picha ndugu zake wakati wa Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, walipokuja wote kula, aliwakalisha kwenye kiti kimoja pale pale penye mwanga mzuri. Hata sahani ya matunda ilikuwa ileile. Laini kumi na nne, miji kumi na minne, babu mmoja.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Halafu nikakumbuka chumba changu cha kona, kicheko kikaisha.

Soko lilitoa njia moja. Mwenye akaunti ajitokeze mwenyewe kwa video ndani ya siku saba, peke yake chumbani, ajibu maswali. Akifaulu, chake atapewa. Akaunti za wengine zilikuwa na vijisenti, Thach akaziachilia. Iliyobaki ni ya Mzee Sau, na ndani yake mlikuwa na miaka yangu sita.

Hapo ndipo nilipomuuliza kama Baba anajua ana akaunti. Thach akasema Baba alipigwa picha kama wengine, akageuza uso kushoto na kulia, hakulalamika. Nikauliza alimwambia ni ya nini. Akasema alimwambia tu. Ningemkaba pale, angesema. Sikumkaba, maana mawazo yangu yote yalikuwa sokoni An Nghiep.

Tukamweleza Mzee kwamba pesa za chumba zimekwama mahali, zimo kwa jina lake, na kuna binti atampigia kumuuliza maneno mawili matatu. Mzee akanigeukia.

"Ni za duka lako wewe, Sen?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitakaa hapo hata wakiniuliza mpaka jioni."

Thach alitaka kumfunika Babu kwa kitambaa, Mzee akakataa, akasema huyo ni baba yake na hajafanya kosa lolote. Tukaweka simu jikoni. Mzee akavaa shati lake la harusi za watu. Thach akambandika sikioni kile kidude kisicho na waya, kidogo kama harage, ili amnong'oneze majibu. Yeye na mimi tukajibanza nyuma ya pazia la stoo, yeye na simu yake inayoonyesha kila kilichoonekana kwenye simu ya Mzee, mimi na roho yangu mkononi.

Saa nne asubuhi binti akapiga. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Akamsalimia mzee, akamuuliza kama yuko peke yake. Thach akanong'ona kwenye simu, Baba kaa wima.

"Nimekaa wima," Mzee akajibu kwa sauti.

Binti akasema ahsante, hilo hakuliuliza, lakini ni vizuri. Nilimfinya Thach paja. Mzee akaulizwa jina, akalitaja. Mwaka wa kuzaliwa, akautaja, akaongeza kwamba ulikuwa mwaka wa mafuriko. Akaulizwa kazi. Thach akanong'ona aseme ni mwekezaji. Mzee akafikiri.

"Nililima mpunga. Sasa nasikiliza ndege wangu."

Binti akacheka kidogo, nikamsikia akiandika. Nikaona linaenda vizuri, mtu hawezi kumtilia shaka mzee kama yule. Likabaki jambo moja. Binti akasema ataweka tarakimu sita kwenye kioo, azisome tu kwa sauti, kisha wamemaliza.

Tarakimu zikatokea. Niliziona kwenye simu ya Thach, kubwa, nyeusi, moja moja. Mzee akaisogelea simu. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Mwanangu," akasema, "hapa naona weupe tu."

Binti akasema pengine kioo kina vumbi. Mzee akakifuta kwa mkono wa shati, akajaribu tena, akasema bado. Binti akamuuliza pole pole kama ana shida ya macho.

"Hapana. Yamepimwa. Mwaka juzi yalianza kama ukungu, nikataka kwenda hospitali. Kijana wangu akanipima kwa simu, hapahapa nyumbani. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia, nikafumba, nikafumbua, ikatoka alama ya kijani. Akasema nimepita. Basi nikajua ni uzee, sikwenda tena."

Nikakumbuka chai anayoimimina pembeni ya kikombe, na mimi nikimtania kwamba anainywesha meza. Nikakumbuka ameacha kusoma gazeti, nikasema amekuwa mvivu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Binti akasema ataziacha tarakimu dakika moja zaidi.

Thach alikuwa na simu mdomoni. Tarakimu sita ziko mbele yake, sikio la baba yake liko wazi. Alichotakiwa ni kuzitaja, na Mzee angezirudia. Nisiseme uongo: nilitaka azitaje. Nilimwangalia kwa macho ya kumwambia taja, macho utayashughulikia baadaye, taja. Naye akaniangalia, machozi yanamtoka.

"Baba," akanong'ona, "haikuwa kipimo cha macho."

Mzee akainua mkono kumzuia binti, kama mtu anayeomba nafasi mezani.

"Samahani, mwanangu, ngoja kidogo. Huyu wa sikioni ananiambia kitu."

Nadhani binti alielewa zamani, na alingoja kwa huruma tu. Thach akaendelea. Akamwambia picha zile zilikuwa za kufungulia akaunti, kwamba alimdanganya kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza, kwamba alama ya kijani haikujua lolote kuhusu macho yake. Mzee alisikiliza yote akiwa amekaa wima vilevile. Kisha akakitoa kile kidude sikioni, akakiweka mezani kwa uangalifu, akaielekea simu.

"Mwambie mkubwa wako sitasoma," akasema. "Wala akaunti si yangu. Pesa ni za mkwe wangu, anauza wali, hajamwibia mtu. Mkiweza kumrudishia, mrudishieni."

Binti akasema ameandika hivyo hivyo, na kwamba yeye haamui. Akamtakia mzee afya njema. Simu ikakatika.

Sikuzungumza na Thach siku ile. Niliuza wali wangu, nikamwachia avioshe vyombo vyote na masufuria, na akaviosha. Alipomaliza akaenda chumba cha nyuma, akazichomoa simu zote, akanirudishia rafu yangu pasipo kuombwa. Kuhusu zile pesa, soko liliandika kwamba linalichunguza jambo, na mpaka leo linachunguza. Chumba cha kona alikichukua muuza viatu vya plastiki. Nikipita napinda shingo upande wa pili.

Alfajiri iliyofuata siku ile ya video tulikuwa hospitali ya macho, sote watatu. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani minene, alimchunguza Mzee muda mrefu kwa taa. Akatueleza nje mlangoni kwamba ni shinikizo ndani ya jicho, na ugonjwa huo hausubiri mtu. Jicho la kulia limekwisha, halirudi. La kushoto bado lina mwanga, likitibiwa kuanzia leo linaweza kubaki lilivyo. Thach akauliza, ingekuwa mwaka juzi? Daktari akamwangalia, akasema tuingie ndani.

Ndani wakamfunika Mzee jicho la kulia na kumweka mbele ya ubao wenye herufi kubwa kama kiganja. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari kwa Thach, nimeyapanga usiku kucha, juu ya chumba, juu ya bomba, juu ya miaka sita ya moshi machoni mwangu. Nilikuwa nangoja tutoke tu.

Daktari akamwomba Mzee aanze na mstari wa juu. Mzee hakuanza. Akageuza uso kushoto, akageuza kulia, akimtafuta mwanawe kwa lile jicho moja, mpaka akampata amesimama pembeni ya ukuta.

"Na hiki, Thach," akauliza kwa upole, "ni kipimo chenyewe?"

Thach akasema ndiyo, Baba, hiki ni chenyewe. Mzee akaitika kwa kichwa, akageukia ubao, akaanza kusoma. Maneno yangu nikayameza, nikaenda kumshika mume wangu mkono.