Yule Bwana wa Kwenye Santuri

Mimi ni fundi wa redio, tena fundi hasa, na sisemi kwa majigambo. Tatizo ni baba. Miaka sita tumeketi meza moja karakanani kwake, na yeye humwambia kila mteja kwamba mimi ni msaidizi. Neno hilo linanikera kuliko shoti ya umeme.

Kwa hiyo mota ya pleya yake ya santuri ilipokufa, sikungoja ruhusa. Niliifungua. Ndani nikakuta kigurudumu cha kuzungusha mpira unaoendesha sahani ya santuri si cha pleya ile. Ni kidogo mno, kimeng'olewa kwenye redio ya kaseti. Kazi ya baba hiyo, kabla sijazaliwa. Nikafunga mota nyingine na kigurudumu cha saizi yake, nikawaita yeye na mama waje kusikiliza.

Santuri ilikuwa ile ile anayoiabudu: vinanda vya umeme mwanzo hadi mwisho, ngoma zinapigwa na mashine, na kwenye jalada watu wanne, wote wamepaka wanja, nywele zimesimama wima. Nyimbo tisa, zote zikiimbwa na bwana mmoja wa sauti nzito, nimezihifadhi zote. Nikashusha sindano.

Ngoma zikaanza kwa kasi, kavu, safi. Nikasisimka mpaka vidoleni. Kisha akaimba mwanamke.

"Huyo nani?" baba akauliza. "Yule bwana yuko wapi?"

"Ndiye huyo, baba. Hajawahi kuwa bwana. Kigurudumu chako kidogo kilikuwa kinaizungusha polepole, sauti yake ikawa nzito."

"Umeharibu. Inakimbia hiyo."

"Haikimbii. Hesabu mwenyewe."

Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikampa saa yangu. Akahesabu mizunguko, kidole hewani, midomo ikitembea. Dakika moja: thelathini na tatu na kidogo, kama ilivyoandikwa kwenye santuri yenyewe. Akarudia. Thelathini na tatu na kidogo.

Uso wake ulikuwa umesawijika. Akamgeukia mama. "Wewe ulijua?"

"Niliisikia kwa dada yangu, mwaka ule ule tuliooana," mama akasema bila kupepesa macho. "Ningekwambia nini, na wewe umeshajisifu mtaa mzima kwamba umeitengeneza pleya? Halafu ile ya polepole ndiyo ilikufaa kucheza. Wewe na mwendo mkali hamwivi chungu kimoja."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Baba hakucheka. Alisema tu, "Rudisha mwanzo," akakaa, akasikiliza upande wa kwanza wote, akageuza mwenyewe, akasikiliza na wa pili. Kwenye wimbo wa saba kiatu chake kikaanza kugonga sakafu. Santuri ilipoisha aliirudisha kwenye jalada, akaondoka. Nikajua nimemuudhi, na sikujuta.

Asubuhi yake aliingia karakanani na redio yake ya kitandani, ile ambayo hata mama haruhusiwi kuigusa. Hakuja kukaa kwenye kiti chake. Alisimama upande wa wateja, akaiweka mezani mbele yangu.

"Inakoroma," akasema. "Niifuate lini, fundi?"