Mwajiri wa Bujiku

"Mwajiri wako nani?"

"Mimi mwenyewe."

Karani akainua kalamu. "Ndugu, nimekuuliza mwajiri, sijakuuliza jina."

"Na mimi nimekujibu. Najiajiri. Natengeneza koroboi, ndoo, makarai. Nyahanga nzima inanijua."

Nyuma ya Bujiku lori lilikuwa linanguruma, limeshajaa nusu. Ilikuwa 1983, mwaka wa kusaka wazururaji, na mgambo walimkuta Bujiku saa tatu asubuhi, nyundo mkononi, bati magotini. Mzururaji gani huyo, jamani, anayezurura huku amekaa kitako? Lakini asiye na kitambulisho cha kazi alipelekwa Ushetu kulima tumbaku, na nyumbani Bhoke, mkewe, alikuwa na siku ya sita tangu ajifungue, hana ndugu wa kumchotea hata maji.

"Kisumu nimefua bati miaka saba," Bujiku alisema, sauti ikipanda. "Asubuhi kanjo, askari wa manispaa, anakuja, unalipa ushuru, anakupa risiti imeandikwa fundi. Siku nyingine wanatufukuza kwa virungu, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia sina kazi!"

"Basi rudi huko kwa manyang'au."

"Mpaka wa Kenya ungekuwa wazi ungenikuta hapa?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Akaandika kwenye fomu: Hana kazi. Lo! Mikono yote ile yenye makovu ya bati, na mtu anaandika hana kazi bila hata kuitazama.

Mzee Nassibu, mwenye duka ambaye Bujiku alifanyia kazi barazani kwake, akajipenyeza mpaka mezani. "Huyu ni mtumishi wangu," alisema.

"Yaya!" Bujiku akaruka, Kisukuma kikimtoka kwa hasira. "Shikamoo, mzee, lakini hapana. Sijawahi kuwa mtumishi wa mtu."

"Marahaba. Nyamaza," Nassibu akamnong'oneza. "Mzazi atachotewa maji na hiyo heshima yako?"

Mgambo alikuwa ameshamshika Bujiku mkono.

"Ni kweli anayosema mzee?" karani akauliza.

"Kweli," Bujiku akajibu.

"Dukani unafanya nini?"

Hapo ndipo palipomuuma. Kama angesema anafua bati, yote yangeanza upya.

"Nafagia," alisema.

Karani akagonga muhuri, akamkabidhi kitambulisho. Mfagiaji.

Saa tano Bujiku alikuwa barazani tena, akipigilia kwa nguvu kuliko bati lilivyohitaji. Jirani yake, Mama Scolastika, akaokota koroboi, akaigeuza, akaukagua mshono.

"Fundi, hii shilingi ngapi?"

"Hapa hakuna fundi, mama. Mimi nafagia tu. Kamuulize tajiri wangu."

Mama Scolastika akacheka, akidhani ni utani. Ndani, Mzee Nassibu alikuwa amesikia. Akageukia ukutani, akaanza kupangapanga sabuni kwenye rafu ambayo tangu Pasaka haikuwa na sabuni.