Tope la Mdomo wa Mto

Binti yangu Angèle alipopata mimba ya kwanza, alitamani udongo. Sikushangaa, hata mimi niliula nilipombeba yeye. Ila pemba, udongo wa kula unaouzwa sokoni, ilianikwa chini, kuku wakipita juu yake. Nina diploma, nafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha shaba, uchafu naujua. Nikamwomba mama mkwe wake, Gertrude, wa kijiji cha wavuvi Tshangalele, anichotee tope laini pale mto unapoingia ziwani. Nililichuja kwa kitambaa, nikalifinyanga vidonge, nikavikausha juu ya moshi.

Mtoto wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili aliishi siku nne. Mimba ya tatu ilipoingia nikaongeza vidonge, kwa sababu watu husema udongo huongeza damu mwilini.

Mwezi wa tano, 1971, kidonge kimoja kilivunjika mkobani mwangu nikiwa kazini. Ndani kilikuwa na ukijani. Rangi ile naijua: ni ya maji machafu tunayoyapima kabla hayajamwagwa bondeni. Nimeyapima miaka minane. Sikuwahi kujiuliza yanaishia wapi.

Nikakipima. Shaba, tena nyingi. Na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nikarudia mara mbili, kisha nikampelekea karatasi ya matokeo mkuu wa maabara, Adolphe.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwangu. Mutoto wangu anaikula."

Aliichana vipande vinne. "Madame Hortense, miye sikuona kitu. Na weye haukuona kitu. Uko na batoto ngapi banakula na feza ya hii kazi?"

"Moya. Na yeye ndio anakula ile bulongo."

Akageukia dirisha.

Nikakimbia hadi kwa Angèle. "Pemba iko wapi?"

"Mama, unapumua sawa treni!" Alicheka, mkono tumboni. "Imeisha. Ya mwisho nimekula asubui. Utaniletea ingine?"

Nilimwambia yote, bila kuzunguka. Hakulia. Alitazama mikono yangu.

"Ulisema ndio ile iko safi," alisema.

Mwezi wa saba wa mwaka uleule alijifungua msichana. Aliishi mpaka saa kumi za jioni.

Gertrude alikuja kwenye kilio nyumbani kwa Angèle amepanda lori la samaki. Alikaa nami jikoni, akafungua kitenge chake, akatoa kifurushi cha tope kilichofungwa kwa majani mabichi.

"Ya mimba ingine," alisema. "Nimechota kulekule, bukwe, vile unapendaka." Bukwe ndivyo tunavyoitana wakwe.

"Ni hii ndio inaua batoto."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Sisi tunakunywa mayi ya pale. Samaki banakula pale. Sasa tuende wapi?"

Nilichukua kifurushi nikatoka kwenda kukitupa, mlango nikiuacha wazi. Mfereji wa uani unateremka kwenye kijito, na kijito kinaenda kwenye mto uleule. Nilisimama nacho mkononi, tope likinichuruzikia vidoleni, mpaka Angèle akasema kutoka ndani:

"Mama, funga mulango."