Timazi Nje ya Dirisha la Bibi

Naapa kwa sare yangu ya bweni, iliyofuliwa mara moja muhula mzima, kwamba haya ni kweli.

Kati ya dirisha la bibi na njia ya miguu ulisimama mti, uliopandwa zamani kwenye shimo dogo kama ndoo. Mizizi ilipokosa pa kwenda, ikanyanyua slabu za zege za njia hiyo. Bibi akajikwaa mara mbili.

Baba mdogo, fundi wa njia za manispaa, akaja na shoka.

"Pindisha njia, mwanangu," bibi alimwambia. "Mti hauwezi kukupisha."

"Mama, njia yangu hunyooka kama rula."

Akakata mizizi yote ya upande wa njia, akalaza slabu mpya. Zilipendeza, sikatai.

Lakini bibi alikuwa amedharauliwa, nami ni mtetezi wa haki. Nikatundika timazi tawini, ile kamba ya fundi yenye uzito nchani, nikachora chaki chini yake. Kila asubuhi niliifuta alama na kuisogeza kidogo upande wa njia.

"Baba mdogo, mti unailalia nyumba!"

Siku tatu chakula hakikumpita kooni. Ya nne akanifuma na chaki mkononi. Alinivuta sikio, akacheka hadi akakohoa.

Siku ya tano sikugusa chaki. Timazi ilikuwa imesogea vidole viwili kuelekea dirishani. Alasiri, vitatu. Hapakuwa na upepo.

Nikampigia simu baba mdogo.

"Chaki imekwisha?" akauliza, akakata.

Bibi naye hakutaka kuhama chumba alichozalia watoto sita. Hapo nikakumbuka bweni letu lilivyohamwa kwa dakika kumi.

"Bibi, nisamehe. Begi langu la shule, lile nililoweka kitandani kwako, lilikuwa na kunguni."

Alitoka mbio zisizolingana na umri wake, akiniita majina yasiyoandikika. Akajikalia sebuleni, akijikuna bure, akamwita baba mdogo alete dawa. Huyo akaja haraka.

Aliingia chumbani na bomba la dawa mgongoni, akainua godoro.

"Hakuna kunguni hapa."

"Hakuna," nilikiri. "Tazama nje."

Alichungulia dirishani huku akitabasamu. Tabasamu likamkauka. Slabu zake zilikuwa zikiinuka ukingo wa upande wa mti, polepole, zote pamoja, zimenyooka kama rula.

"Toka," alininong'oneza, kana kwamba mti ungesikia.