Njia ya Ng'ambo ya Kijito

"Mtu mmoja, punje moja," mpimaji alinielekeza, akanikabidhi makopo matatu. Nikakaa siku tatu njia panda ya Ihanda nikitumbukiza mahindi: kopo la njia ya shule, kopo la njia ya mashineni, kopo la njia ya kijitoni, iendayo mashambani. Ulikuwa mwaka 1974, kijiji kinapangwa upya. Njia zenye watu wengi zingebaki. Nyingine zingelimwa shamba la ushirika, na magogo ya daraja la kijitoni yangetumika kujengea ghala.

Ng'ambo ya kijito aliishi mama yangu, Marita. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kuhama.

Siku hiyohiyo ya kwanza alikufa mzee Zebedayo. Kwetu, msiba ukiingia hakuna anayegusa jembe mpaka siku ya tatu. Watu wote wakaelekea kwake, kule mashineni. Kopo la mashineni likafurika. La kijitoni likapata punje nne.

Mpimaji aliporudi nilisema, "Ndugu, siku hizi tatu watu hawakwenda shamba..."

"Ulihesabu au ulilala?"

"Nilihesabu."

"Basi maelezo niachie mimi. Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

Akatabasamu, akaandika. Nami nikamrudishia makopo. Miaka kumi sasa, bado sijui kwa nini nilinyamaza.

Nyumbani dada yangu Sekela aliuliza, "Na wewe, kaka, unayempelekea mama uji asubuhi na jioni, ulijihesabu?"

"Mwenye kuhesabu hahesabiwi."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia.

Magogo yakang'olewa. Njia ikalimwa, ikapandwa maharage. Kwa muda nilivuka kwa miguu, maji ya magoti, sufuria kichwani. Kisha mvua za Januari zikashuka, kijito kikawa mto. Siku nne nilisimama ukingoni nikiita.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, Mika. Rudi, utalowa."

Paa lake halikuwa limetoa moshi tangu siku ya pili. Siku ya nne hakuitika.

Ya tano maji yalipungua, nikavuka. Mchana kijiji kizima kikaja kumbeba kwenda kumzika, wake kwa waume. Tulipita katikati ya maharage ya ushirika, yameanza kutoa maua, tukakanyaga, na mwenyekiti mwenyewe akakanyaga. Ilipofika jioni njia ilionekana tena, nyeupe, pana kuliko zamani.