Fidia ya Yarrow

Damu ya Yarrow ilikuwa imetulia siku nyingi, ila walioamini hivyo ni yeye na daktari tu. Saratani ya damu ilimwangusha kabla ya vita vya serikali na waasi. Akatibiwa Nairobi kwa vidonge, bandama iliyovimba ikanywea, nguvu zikarudi, mwishowe hata vidonge vyenyewe vikasimamishwa. Sasa aliwanywesha mbuzi wake mtoni na kubishana na kila mtu kuhusu bei ya ngozi. Mkewe Shamso bado alimtunza kama yai.

Kila Ramadhani Shamso alimkataza kufunga. Alimpikia mchana, akamlisha nyuma ya pazia, na jioni akapeleka bakuli kwa bibi Kaaha, mjane asiye na mtu, iwe fidia, chakula cha maskini badala ya saumu ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkera Yarrow. Nani aliwapa ruhusa ya kutomtarajia?

Mwaka wa vita serikali iliwakusanya wafugaji wote kwenye kijiji cha ulinzi nje ya Garissa, seng'enge pande zote, kafyu ikianza jua likizama. Askari waliposindikiza wagonjwa hospitali, Yarrow naye akapimwa. Daktari akamwambia ugonjwa hauonekani. Unaweza kurudi, hakuna wa kuapa kwamba hautarudi, lakini mtu asiishi akiungojea. Afunge akitaka, na akishikwa na homa au kizunguzungu afungue bila ubishi. Sheikh wa kijiji naye akasema kama ni hivyo fidia imekwisha, saumu ni juu yake.

Shamso hakutaka kusikia.

"Daktari hakukubeba mgongoni," alisema. "Mimi nilikubeba."

Siku ya kwanza ya mwezi akapika mchana vilevile. Yarrow hakugusa. Wakanuniana hadi alasiri, mke ana hofu, mume ana njaa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu augue. Kisha akachukua bakuli la Kaaha kulipeleka mwenyewe, maana kuna neno ambalo hakutaka bibi alisikie kwa mwingine.

Kaaha aliitazama midomo yake iliyokauka.

"Umefunga," alisema.

"Nimefunga, ayeyo, bibi yangu. Nimepona."

"Alhamdulillahi. Ramadhani zote hizi nimekuombea upone, na kila nikiomba nilijua siku utakayopona bakuli hili litakatika."

Miaka yote hiyo Yarrow aliuona ugonjwa wake kuwa mzigo kwa watu, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ambaye ugonjwa huo unamlisha, na kwamba mtu huyo huyo anauombea uondoke. Akamwambia bibi achukue mkeka wake, atafuturu kwao na kulala huko huko kwa sababu ya kafyu, mwezi mzima, na si kwa fidia.

Shamso alikuwa mlangoni walipofika. Yarrow akamweleza yote, naye akamgeukia Kaaha, akamuuliza kama kweli aliomba vile huku akijua.

"Kila usiku," alisema Kaaha.

Shamso aliingia ndani. Akakipasha moto chakula cha mchana kilichokataliwa, akatandika mkeka, na hakufunga pazia. Adhana ilipolia akampa Kaaha tende, kisha mumewe, akamkazia macho mpaka alipomeza.

"Kula ushibe," alimwambia. "Nitakuamsha daku."