Chokaa Changa

Hermeros alichovya jembe katika shimo la chokaa, akalitoa. Lilitoka na vidonge. Fundi yeyote wa Kapua, mji wa Warumi, anajua maana yake: chokaa bado changa, iachwe majini isubiri. Iliyoiva hunata jembeni kama gundi. Hermeros alivitazama vile vidonge, akamtazama mkewe Thallusa aliyekuwa akipita na mtungi, tumbo limemtangulia. Akaichota hivyo hivyo.

Wote wawili walikuwa watumwa wa Bwana Vetulenus, naye alikuwa ameahidi: siku ya karamu ya kwanza katika chumba kipya, ukuta ukiwa umekwisha na kupakwa rangi, angempa Thallusa uhuru mbele ya wageni. Mtoto hufuata hali ya mama. Akizaliwa baada ya karamu, muungwana. Akizaliwa kabla, mali ya Bwana kama kiti.

"Oppius ng'ambo ya mto ana chokaa iliyoiva," Thallusa alimwambia. "Si umwambie Bwana aiagize?"

"Mpaka punda wapakiwe, wavuke, warudi! Tumbo lako linasubiri punda, wewe?"

"Linasubiri baba mwenye akili."

Wakacheka. Walikuwa bado na cha kuchekea.

Ukuta wenyewe ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Nyuso mbili za mawe madogo yaliyopangwa mshazari, kifusi na udongo wa chokaa katikati, mistari ya vigae ikivifunga pamoja. Timazi halikukuta kosa. Akapiga lipu, mchoraji akaipaka rangi nyekundu ikiwa mbichi, na siku ya karamu Thallusa alikuwa bado hajajifungua. Hermeros alisimama mlangoni, moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

Bwana alinyanyuka, akamshika Thallusa mkono. Hapo ukaalika ukutani mlio mdogo, *pak*. Kipande cha lipu kikaruka, kikatua kwenye sahani ya samaki. Kikafuata kingine. Vile vidonge vilikuwa vimevuta maji na kuvimba, na ukuta mzima ukaanza kutoka ndui.

"Vetulenus," mgeni mmoja alisema, "ukuta wako unatutemea mate!"

Wageni wakaangua kicheko. Bwana akauachia mkono wa Thallusa.

"Bwana wangu, nichape mimi," Hermeros alipiga magoti. "Yeye mwachie leo."

"Nilisema ukuta ukikwisha. Huu umekwisha?" Bwana hakupaza hata sauti. "Ubandue, upige upya. Ahadi yangu iko pale pale."

Wazee wana misemo mingi kuhusu haraka, nami sitautaja hata mmoja. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuumia. Asubuhi alianza kubandua. Bwana akatuma punda kwa Oppius, nao wakarudi na chokaa kabla ya adhuhuri. Nusu siku tu. Hermeros alikaa chini katika vumbi la lipu, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Kutoka vyumba vya nyuma kikasikika kilio kingine, chembamba, kipya.

Msimamizi wa nyumba alichungulia mlangoni.

"Hongera, fundi! Dume, lina afya. Bwana amefurahi sana."

Hermeros alinyanyuka, kwa kuwa kazi ilikuwa inamngoja. Akachovya jembe katika chokaa ya Oppius. Ilinata jembeni kama gundi.